Herufi Ndogo

Alilileta ndani ya gunia la sukari,
daftari la ubatizo la kanisa moja la Budalang'i,
limefura kama mkate uliosahauliwa kwenye chai.
"Nzoia ilivunja tuta," alisema Odwori,
"tukaokoa watoto, kisha kuku, kisha hili."
Nikamuuliza mbona kuku walitangulia.
Kuku hupiga kelele, alisema.

Chumba changu kiko nyuma ya duka la vipuri, Kibuye.
Jumapili soko likifurika, meza hutetemeka,
vumbi la mitumba hupenya chini ya mlango;
Jumapili sishiki kisu.

Nilianza kwa kutofanya kitu. Hiyo ndiyo kazi ngumu.
Kurasa mbichi hazitaki pupa:
unapachika karatasi ya kunyonya, unaitoa, unapachika nyingine,
siku tisa, feni imeelekezwa ukutani.
Ndipo nikakata uzi wa zamani
nikakuta fundi wa kwanza aliutegemeza mgongo
kwa kipande cha gunia la pamba,
uzani bado unasomeka, ratili mia na kitu.
Sikukitupa. Nilikitia kwenye bahasha,
nikaandika juu: mgongo, ulivyokutwa.

Gundi yangu ni wanga wa ngano na maji, basi.
Huchemkia jiko moja na chai,
na mara mbili nimekoroga nisichotaka kunywa.
Nikibandikacho, lazima mwingine aweze kukibandua
kwa maji vuguvugu, miaka mia ijayo,
akiona nilikosea.

Wiki ya pili Odwori alirudi.
Alitaka ukurasa wa arobaini na mbili.
Mdudu alifika pale miaka mingi kabla ya mto,
akala tundu refu kama ukucha
palipokuwa na jina la mama yake.
"Liandike. Wino unao. Mkono mzuri unao.
Kesi ya shamba inatajwa mwezi ujao, Busia,
na wenzetu wanasema hakuzaliwa nyumba ile."
Hakuweka pesa mezani. Angeziweka
ningekasirika, na ingekuwa rahisi.
Alinitazama tu,
mtu aliyebeba kilo sita za karatasi kichwani,
maji yakimfika kifuani.

Nikamwambia: naziba karatasi, sizibi maneno.
Nililisikia neno lilivyotoka,
kavu, kama la dirisha la ofisi ya serikali.
Aliondoka chai ikiwa nusu.

Usiku ule nilichana karatasi ya Kijapani
(haikatwi kwa makasi: unachora kwa maji, unavuta,
ndevu za nyuzi zibaki pembeni zipate kushika)
nikaziba tundu. Ukucha mweupe, usio na neno.
Taa ilikuwa imeinama.
Na kwenye ukurasa wa mkabala, uliolala uso kwa uso na huu,
nikaona kivuli cha samawati, mwandiko umegeuka nyuma.
Karani wa mwaka ule alifunga daftari wino haujakauka.
Labda mvua ilianza. Labda alinusia samaki jikoni.
Nikatoa kioo cha mkobani,
nikasoma: bwire.

Mwanzo wake umefifia.
Bwire ni mwanamume. Nabwire ni binti,
aliyezaliwa usiku.
Wakili huyu atasema hivi, yule vile.
Lakini b ile ni ndogo.
Nimepitia kurasa zote: karani huanza kila jina
kwa herufi kubwa, yenye mkia, ya kujidai;
alisahau mara moja tu, mkesha wa Krismasi.
Basi kitu kilitangulia.
Karibu hakika.

Nimempigia Odwori, hashiki.
Nimemtumia ujumbe: njoo mchana, jua likiwa kali.
Daftari liko chini ya mawe mawili, mgongo mpya unakauka,
na kioo nimekiacha mezani,
kimelala kifudifudi
kisishike vumbi la kesho, Jumapili.